Kishimo kung'aa si mbu kukimbia

Ndugu Mhariri,

Masika yakishika kasi na mbu wakianza kulia masikioni, habari za "dawa mpya ya kufukuza mbu" nazo huota kama uyoga. Siku hizi nyingi hubeba dai linalofanana: kemikali fulani imethibitishwa maabara kwamba inaamsha kipokezi cha harufu cha mbu. Msomaji huelewa kwamba kulikuwa na mbu. Mara nyingi hapakuwa na mbu hata mmoja. Kulikuwa na sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na katika kila kishimo seli za binadamu zilizooteshwa, zikatiwa jeni ya mbu, zikamwagiwa kemikali, zikang'aa. Tunaomba nafasi tueleze kazi hiyo hufanywaje, ili mwandishi wenu akiletewa taarifa ya namna hiyo ajue la kuuliza kabla ya kuipa kichwa cha habari.

Hatuibezi kazi yenyewe. Ni kazi nzuri, tena inaweza kufanywa hapa kwetu na idara yoyote ya baiolojia yenye inkubeta ya kuoteshea seli na darubini ya kupima mng'ao. Tunachokataa ni ule mruko wa kutoka kwenye kishimo hadi chumba cha kulala.

Mbu hunusa kwa vipapasio viwili na kwa viungo vingine vifupi vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea. Vimefunikwa vinyweleo vyenye matundu madogo mno, na ndani ya kila kinyweleo mna ncha za neva. Vipokezi, yaani protini zinazonasa harufu, viko kwenye utando wa neva hizo. Vya wadudu viligunduliwa mwaka 1999 katika inzi wa matunda, na baadaye jenomu, yaani jumla ya jeni, ya Anopheles gambiae, mbu wetu wa malaria, ikaonyesha jeni 79 za ukoo huo. Aliyezoea habari za pua ya binadamu asivifananishe. Kipokezi chetu hutuma ujumbe kwa protini nyingine ndani ya seli, na hiyo kwa nyingine, mpaka mlango wa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ufunguke. Cha mdudu hakina foleni hiyo: chenyewe ndicho mlango, kama timu mbili zilivyoonyesha mwaka 2008. Ila hakisimami peke yake. Hushikana na protini iitwayo Orco, ambayo karibu wadudu wote wanayo na haitofautiani sana kutoka mdudu mmoja hadi mwingine. Mwaka 2018 picha za darubini ya elektroni zilionyesha Orco ya nyigu wa mtini ikiwa vipande vinne vilivyozunguka tundu moja. Mwaka 2024 ikadhihirika kwamba katika mbu tundu hilo huzungukwa na kipokezi kimoja na Orco tatu.

Seli zinazotumika zaidi huitwa HEK293. Asili yake ni figo la kijusi cha binadamu, na zilitengenezwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Namba 293 ni namba ya jaribio lililofaulu. Tunalisema hilo wazi kwa sababu wapo wasomaji wenye haki ya kulipima kwa dhamiri zao. Kwa nini seli ya mamalia ibebe pua ya mbu? Kwa sababu haina Orco wala kipokezi chochote cha harufu cha mdudu. Ni nyumba tupu, na sauti itakayosikika humo ni ya mgeni uliyemwingiza. Na kwa kuwa mgeni huyu ni mlango kamili, hahitaji wasaidizi wengi. Vipokezi vya harufu vya mamalia, ajabu ni kwamba, husumbua zaidi kwenye seli hizohizo, kwa kuwa bila protini za kuvisindikiza vingi havifiki kwenye utando wa nje.

Jeni ya mbu haiingizwi ilivyo. Lugha ya jeni ina maneno kadhaa kwa maana moja, na wadudu hupendelea maneno ambayo seli ya binadamu huyasoma kwa kusitasita. Kwa hiyo jeni huandikwa upya kwa maneno ambayo seli za mamalia huyasoma upesi, protini ikibaki ileile. Halafu huunganishwa na alama fupi, mathalani V5 kwa kipokezi na Myc kwa Orco, ili baadaye kingamwili ionyeshe kama protini imetengenezwa kweli. Waliofundishwa kwa vipokezi vya mamalia huteleza hapa. Mkia wa mbele wa kipokezi cha mdudu uko ndani ya seli, kinyume na wetu. Hilo limejulikana tangu 2006. Ukibandika alama kwenye mkia huo kisha ukaitafuta kwa kingamwili juu ya seli nzima ambazo hazijatobolewa, hutaona kitu, na utatupa kipokezi kizima kisicho na kosa.

Seli huoteshwa kwa nyuzi 37 za Selsiasi, katika hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, ndani ya kimiminika cha lishe kiitwacho DMEM kilichoongezwa asilimia 10 ya seramu ya ndama. Hugawanyika takriban mara moja kwa siku. Zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya sakafu ya chombo, ndio wakati wa kuziingizia DNA. Zikiwa chache zaidi, dawa ya kupitishia DNA huziua. Zikiwa zimebanana, DNA haiingii vizuri. Dawa ya bei nafuu ni PEI, maikrogramu 3 kwa kila maikrogramu 1 ya DNA, na plasmidi (duara dogo la DNA linalobeba jeni) ya kipokezi na ya Orco huwekwa nusu kwa nusu. Kishimo kimoja cha sahani ya 96 hutosheka na nanogramu 100 hivi za DNA. Ongeza plasmidi ndogo ya protini inayong'aa nyekundu, uone ni seli ngapi zimepokea. Isiwe ya kijani, maana kijani ndiyo rangi ya kipimo chenyewe.

Njia hiyo ya haraka ina ila moja: kila mara asilimia ya seli zilizopokea hubadilika, na matokeo ya Jumatatu hayalingani na ya Alhamisi. Ndiyo maana maabara nyingine, hasa ile ya Lund nchini Sweden iliyochunguza vipokezi vya nondo na mende wa magome, hutumia ukoo wa seli wenye jeni za kudumu zinazowashwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini. Jioni unaweka doksisaiklini, asubuhi unapima. Swichi hiyo ina sababu yake. Orco hufunguka yenyewe mara kwa mara hata bila harufu, kalsiamu huvuja ndani, na seli zinazobeba mlango huo usiku na mchana hudhoofika. Zile zilizozima jeni hustawi na kuwapita wenzao. Baada ya wiki kadhaa una sahani nzuri yenye afya, na hakuna hata seli moja inayonusa.

Kupima hufanywa kwa rangi iitwayo Fluo-4. Siku moja kabla, seli hupandwa kwenye sahani nyeusi yenye sakafu angavu, seli 30,000 hadi 50,000 kwa kishimo, baada ya sakafu kupakwa polilisini. Usiiache polilisini. HEK293 hushika sakafu kwa ulegevu, na maji ya kuoshea tu yanatosha kuzing'oa. Siku ya kupima, kimiminika cha kuoteshea huondolewa na badala yake huwekwa maji ya chumvi yenye pH 7.4, kalsiamu milimola 1 hadi 2 na Fluo-4 maikromola 2 hadi 4. Zikae gizani dakika 30 hadi 60, kisha zioshwe taratibu. Mlango wa kipokezi ukifunguka, kalsiamu huingia ndani ya seli; rangi ikikutana nayo na kumulikwa mwanga wa nanomita 490 hivi, hung'aa kijani. Soma mng'ao wa awali kwa sekunde 20, weka kemikali, endelea kusoma dakika mbili. Jibu huandikwa kama uwiano wa mng'ao wa juu kwa ule wa awali, si namba ghafi, kwa sababu vishimo havilingani idadi ya seli.

Mkono mzito huharibu kazi hapa. Ukimwaga kemikali kwa nguvu, seli hung'oka na nyingine kupasuka. Zilizopasuka humwaga ATP, kemikali ya nishati ya seli, na HEK293 zina vipokezi vyao wenyewe vya ATP. Majirani huitika, kishimo kizima hung'aa, na mwanafunzi hupiga vigelegele. Kishimo kilichomwagiwa maji ya chumvi matupu, kwa kasi ileile, ndicho kitakachomwambia kwamba ameshangilia bomba lake la kupimia.

Sasa kemikali. Harufu nyingi ni mafuta. Haziyeyuki katika maji. Huyeyushwa kwanza katika kiyeyushi kiitwacho DMSO, tuseme milimola 100, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua. DMSO katika kishimo isizidi asilimia 0.5, na iwe sawa katika vishimo vyote, pamoja na vile visivyo na harufu. Tumia chupa za kioo, kwa sababu mafuta hujibanza kwenye plastiki na kiasi ulichoandika daftarini sicho kilichofika kwenye seli. Tayarisha siku hiyohiyo. Zile zinazoruka upesi hunukia hadi kishimo cha jirani, kwa hiyo usipange kipimo kikubwa kando ya kidogo.

Usafi wa kemikali ni suala la hesabu. Chupa iliyoandikwa "asilimia 99" ina asilimia 1 ya kitu kingine. Ukiweka maikromola 100, umeweka pia maikromola 1 ya kisichojulikana, na vipo vipokezi vinavyoitika kikamilifu kwa chini ya hapo. Halafu kuna mkono wa kulia na wa kushoto. Oktenoli, kemikali iliyomo katika pumzi ya ng'ombe na inayotumiwa pia kwenye mitego ya mbung'o, ina maumbo mawili yanayofanana kama viganja, na kipokezi Or8 cha Aedes aegypti, mbu wa dengi, hupendelea umbo la R. Anayenunua mchanganyiko bila kujua hupata jibu, ila kiwango cha usikivu atakachochapisha kitakuwa cha uongo.

Swali la kwanza la mwandishi liwe hili: jibu lilikuwaje katika seli zilizokuwa na Orco peke yake, na katika seli zisizotiwa kitu? Kemikali ikiwasha hizo pia, haijagusa kipokezi. Harufu nyingi zikifika maikromola 300 au milimola 1 husumbua utando wa seli yoyote ile, na sumu nayo hupandisha kalsiamu. Kipimo kingine kizuri, na rahisi mno kiasi cha kushangaza kwamba husahaulika, ni kurudia jaribio katika maji yasiyo na kalsiamu. Kipokezi cha mdudu ni mlango, na kalsiamu hutoka nje kuingia ndani. Ukiondoa ya nje na mng'ao ukabaki, basi kalsiamu imetoka kwenye ghala za ndani, yaani kemikali imeamsha kitu cha seli yenyewe.

Kinyume chake, kishimo kisipong'aa, usitangaze kwamba mbu hanusi kemikali hiyo. Kwanza onyesha kwamba seli ziko hai: weka ATP nazo zitang'aa. Kisha onyesha kwamba Orco ipo na inafunguka. Kwa hilo kuna VUAA1, kemikali iliyotangazwa mwaka 2011 na maabara ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, baada ya kuchuja zaidi ya kemikali 118,000 kwa seli za HEK293 zenye vipokezi vya Anopheles. VUAA1 hufungua Orco yenyewe, bila kujali mwenzake ni nani. Karibu maikromola 100 hutosha. Ikikaa kimya, tatizo liko kwenye seli zako: jeni imezimwa, ama mikoplasma, bakteria wadogo mno, imeingia. Mikoplasma haionekani kwa darubini ya kawaida wala haiuawi na penisilini, kwa hiyo seli zipimwe kila mwezi. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, seli hazifi lazima, lakini vipimo vya siku mbili zinazofuata visiaminiwe.

VUAA1 hiyohiyo inafaa kumkumbusha mhariri jambo jingine. Ni molekuli kubwa, nzito, isiyoruka hewani. Katika kishimo ni bingwa. Ukiipaka kwenye ukuta wa chumba, haitasafiri hadi kwenye kipapasio cha mbu. Kishimo ni bwawa, mbu yuko hewani. Maikromola katika maji hazina ubadilishaji wa moja kwa moja kuwa kiasi cha harufu katika chumba, na kwenye kinyweleo cha mbu kuna protini za kubebea mafuta ambazo seli za figo hazina.

Hata tukikubali kwamba kipokezi kimeamka, kimemwambia mbu nini? Rabai, pwani ya Kenya, kuna Aedes aegypti wa aina mbili: wa msituni, anayezaliana kwenye mashimo ya miti na kupendelea wanyama, na wa nyumbani, anayezaliana kwenye mitungi ya maji na kupendelea watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mbu wa nyumbani ana kipokezi Or4 kwa wingi zaidi, tena cha aina iliyo sikivu zaidi kwa salkatoni, kemikali iliyo nyingi katika harufu ya binadamu. Upimaji wa Or4 ulifanywa ndani ya neva ya inzi wa matunda, si katika seli za mamalia, lakini hoja ni ileile. Kuamsha Or4 hakuna dalili ya kumfukuza mbu. Kunahusishwa na kumvuta kwetu. Mwandishi anayeandika "imeamsha kipokezi" bila kusema ni kipi, huenda anatangaza chambo kwa jina la dawa.

Tena mbu hategemei ukoo huu mmoja wa vipokezi. Mwaka 2013 watafiti walitengeneza Aedes wasio na Orco kabisa. Mbu hao walipoteza ule upendeleo wao mkubwa kwa harufu ya binadamu, na mvuke wa DEET, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, haukuwazuia tena. Lakini palipokuwa na kaboni dioksidi bado walimfuata mtu, na walipotua kwenye ngozi iliyopakwa DEET bado waliondoka. Hewa ya pumzi na asidi za jasho zina vipokezi vyake vingine, ambavyo sahani yenye Orco haivioni.

DEET yenyewe ni somo. Mwaka 2019 maabara moja ya Johns Hopkins iliangalia neva za Anopheles coluzzii, ndugu wa karibu wa gambiae, na kukuta kwamba DEET haiziamshi. Ilichofanya ni kupunguza kiasi cha harufu za binadamu kinachoruka hewani, kama mtu anayefunika sufuria. Ila mafuta ya mchaichai na eujenoli, kiini cha karafuu zetu za Unguja na Pemba, ziliziamsha moja kwa moja. Basi anayetafuta dawa ya mbu wa malaria kwa kuangalia vishimo vinavyong'aa tu angeitupa DEET, dawa inayotumika kwa miongo mingi, na kuibakiza karafuu. Wakati huohuo DEET na eujenoli zote mbili zilionekana mwaka 2021 zikiwa zimekaa ndani ya kipokezi kilekile cha Machilis hrabei, mdudu wa kale asiye na mbawa. Hakuna ubishi kati ya matokeo hayo. Ni wadudu tofauti na vipokezi tofauti, na ndiyo maana jina la mdudu halipaswi kukosekana kwenye habari.

Kutoka kwenye kishimo kuna njia ndefu: kipapasio cha mbu mwenyewe kwenye waya wa kupimia umeme, kisha mkono ndani ya kizimba, kisha nyumba kubwa za wavu kama zile za vituo vya utafiti vya Ifakara, Tanzania, na Mbita, Kenya, ndipo vijiji. Zinazoanguka njiani ni nyingi. Mwandishi aulize taarifa imefika kituo gani, ni mbu wa spishi ipi, kipokezi kipi, kiasi gani cha kemikali, Orco peke yake ilisemaje, na jaribio lilirudiwa siku ngapi tofauti. Vishimo 12 vya sahani moja ni jaribio moja, si 12.

Na taarifa ikiwa na majibu hayo yote ila haina mbu, ichapisheni bila wasiwasi, kwa kichwa hiki: "Kemikali yapatikana inayofungua kipokezi cha mbu, mbu wenyewe bado hawajaulizwa."

Ni sisi wasomaji wenu,
Watafiti wa baiolojia ya wadudu